Mpaka Usikie "Nimeshika"

Shoga yangu Mama Zaina,

Pale kwenye kisomo cha watu wazima tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Yako nashindwa kuiuliza, maana ni nani atakayenijibu. Naanza na yangu basi. Nipo. Goti la kushoto linaniambia habari za mvua kabla ya redio, moshi wa jiko bado unanitoa machozi, na mwanao Zaina ni mzima. Najua hilo la mwisho ndilo ungelitafuta kwanza, goti langu ungeliruka. Haya, tulia sasa. Mzima, anakula, mashavu yameanza kurudi. Soma taratibu.

Mwandiko ni ule ule, usiucheke. Mwalimu alisema herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopitiwa na upepo, ukacheka mpaka ukatolewa nje, na wakati huo jina lako mwenyewe ulikuwa unaliandika kutoka kulia.

Stendini ungepotea. Unakumbuka tulivyoanza na machungwa, basi lilikuwa moja, na likiingia tunalikimbilia wanawake wote kama kuku walioona mtama? Wewe unainua beseni mpaka dirishani, mimi nyuma yako nakanyaga kanga yako. Siku hizi mabasi ni ya watu binafsi, yana rangi kama vibanda vya harusi, yanagombania abiria. Sabuni tuliyoipangia foleni imejaa kila duka na hakuna anayeitazama. Na kuna simu za kutembea nazo. Ukimwona mtu amesimama juu ya kichuguu huku Kwamndolwa anapiga kelele peke yake, usimwogope, anatafuta mtandao.

Machungwa nimeacha, goti limekataa mbio. Napika. Nina banda langu ubavuni mwa ofisi ya vifurushi ya mabasi, napika wali, maharage, na siku moja moja bada, ule ugali wenu wa muhogo, kwa heshima yako. Wateja wangu Wasambaa wenzangu wanauliza, "Mama Rehema, leo umepika gundi?" Nawaambia nyamazeni, hiki ni chakula cha Wazigua, kuleni mjue kwa nini wana nguvu ya kubeba maji. Wanakula. Wanaomba tena.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Zaina amerudi kutoka Dar. Ameacha kazi ya ofisini, ile yenye feni na kadi shingoni, kaja kumtengenezea tajiri wa mabasi programu ya kompyuta ya kupanga vifurushi. Nilipomwona anashuka na begi lake nilifurahi, kisha nikaogopa, kisha nikafurahi tena. Unanijua. Anayeacha kazi ya Dar kuja Korogwe watu humtazama kama mgonjwa. Kila mchana nilimpelekea sahani, nikasimama mlangoni kumwangalia kama anatafuna. Akaniambia, "Mamdogo, mimi ni mtu mzima, sitasahau kumeza." Sauti yako kabisa. Nikatoka nje nikajifanya napuliza moto.

Hiyo kompyuta nitakueleza kama nilivyoielewa. Ina kioo kama televisheni. Ndani ya kioo kila mzigo ni kiboksi kidogo chenye jina la mwenyewe na la mji unakokwenda, na kila basi ni picha ya basi. Kuna kidude cha mkononi wanakiita kipanya. Ukikisogeza mezani, kimshale kinatembea kwenye kioo. Unashika kiboksi kwa hicho kimshale, unakiburuta mpaka kwenye basi lake, unakiachia. Halafu mashine inatoa karatasi, na vijana wa kupakia wanapakia kama karatasi ilivyosema. Nilipomsikia Zaina anasema kuburuta nilidhani ni mbuzi aliyekataa kwenda mnadani. Kumbe ni kuburuta bila kamba.

Anayekaa kwenye mashine ni Mzee Shekiondo. Unamkumbuka? Yule mrefu aliyekuwa anakata tiketi, anayekunja suruali hata kiangazi. Mzee mwangalifu kupita kiasi. Lakini kwenye kile kioo alitaabika. Anashika kiboksi, lakini hakuna kinachoonyesha kwamba amekishika. Kimshale kinatembea kitupu, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Anafika kwenye basi, basi halisemi kitu. Anaachia, kimya. Hajui kama mzigo umeingia, umeanguka njiani, au umekwenda basi la jirani. Basi anaushika tena. Anauachia tena. Anamwita Zaina, "Binti, umefika?" Zaina anasema, "Umefika, mzee." Zaina akiwa hayupo, Mzee Shekiondo anamuuliza Mungu.

Na kwenye kioo basi la Handeni na basi la Lushoto yalikuwa yamepangwa ubavu kwa ubavu.

Hapo ndipo nikuletee harusi ya Rehema. Ndiyo, mwanangu kaolewa! Kaolewa Handeni, kwa mtoto wa kaka yako, yule uliyesema ana masikio makubwa lakini ana adabu. Masikio bado yapo. Adabu nayo ipo. Vitenge vya sare vya wanawake wa huko nilivinunua mimi hapa Korogwe, kijani na njano, nikavifunga kwenye boksi, nikampa Mzee Shekiondo kwa mkono wangu ili viwahi kushonwa. Akaviburuta. Akaviachia. Kimya.

Vikaenda Lushoto.

Handeni walipofungua boksi lililowafikia, wakakuta jezi za mpira za shule moja ya Lushoto. Dada yako Mwanahawa alinisimulia mwenyewe, anacheka mpaka anajishika mbavu. Wanawake walizigeuzageuza, kisha bibi mmoja akauliza, "Sasa hii ni mila ya Wasambaa?" Na huko Lushoto mwalimu wa michezo akapiga simu ofisini kuuliza kama vijana wafunge vile vitenge kiunoni au mabegani wakati wa mechi.

Muda wa kurudishiana haukuwepo. Mwanahawa akasema sare ni sare. Akavaa jezi namba tisa juu ya gauni, na wenzake wakavaa zao, wakampokea bibi harusi kwa vigelegele timu nzima, golikipa akiwa shangazi yako mnene. Shoga, nimecheka harusi ile mpaka nikasahau kulia, na mama wa bibi harusi kutolia ni aibu kwetu, wameniongelea mpaka kijijini kwetu Vugiri. Nilitazama pembeni nikuonyeshe. Nafasi yako ilikuwa tupu. Hapo ndipo nikalia, wakaridhika.

Lakini tajiri hakucheka. Alimwita Zaina mbele ya watu wote akamwambia, "Binti, Idi inakuja, mizigo itakuwa kama mchanga. Ukipotea mmoja tu, mashine inarudi kwenye boksi lake, na wewe unarudi Dar." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Zaina akasema, "Sawa, mzee." Akaja bandani, akakaa kwenye gunia la mkaa, sahani nikampa akairudisha.

Aliwaza siku hizo zote. Kwanza alidhani Mzee Shekiondo haoni vizuri, akakuza maandishi. Akatenga mabasi, Handeni huku na Lushoto kule. Ikasaidia kidogo. Mzee bado alikuwa anaachia, anakunja uso, anashika tena. Zaina akaniambia, "Mamdogo, mzigo unaingia. Mimi najua unaingia. Yeye tu haamini." Nikamwambia ningekuwa mimi nisingeamini pia. Akanitazama vibaya. Nikaosha sufuria.

Basi siku moja bomba la stendi lilikauka, nikateka maji kwa jirani. Ndoo imejaa mpaka mdomoni, nayo iko kichwani. Nikapita mlango wa ofisi ili nifupishe njia, Zaina akaniona, akatoka kwenye mashine kunisaidia kutua. Akashika ndoo kimya kimya, mawazo yake yako kwenye kioo. Mimi sikuachia. Nimesimama, shingo imekaza, mikono juu.

Akasema, "Achia, mamdogo."

Nikasema, "Husemi?"

"Niseme nini?"

"Mama yako alikufundisha kupokea maji kibubu?"

Mwenzangu, wewe ndiwe uliyenifundisha mimi. Kwetu Vugiri maji yanashuka yenyewe mlimani, mtu akimwaga anacheka, anarudi. Ulipokuja na maji yako ya Kizigua, ya kutembea asubuhi mpaka jua la utosi, nilikuona mtu wa masharti. Mara ya kwanza nilipotaka kukutua nilikunyang'anya tu kutoka nyuma, ukanifokea mbele ya wapangaji wenzetu wote. Ukasema kwenu Handeni anayepokea maji husimama mbele, anafuta mikono, anaikunjua aonekane, anasema "Lete." Akishakamata pande zote mbili anasema "Nimeshika." Hapo ndipo mwenye mzigo anaachia, kabla ya hapo hata nyuki amuume haachii. Na maji yakishakaa chini mpokeaji anaigonga ndoo kwa kiganja, anasema "Imekaa," ndipo mwenzake anyooshe shingo. Nikakucheka. Nikasema ndoo ya maji ina maneno mengi kuliko ndoa. Kisha nikazoea, na mwishowe nikawa siwezi kutua hata kikapu cha nyanya bila kuambiwa.

Zaina akasema, "Nimeshika, mamdogo."

Nikaachia. Lakini hakuiweka chini. Akabaki ameikumbatia ndoo, maji yanamwagikia viatuni, macho yamesimama. Nikadhani ni malaria. Nikamgusa shingo. Akaanza kucheka, "Mama, mama, mama," anakuita wewe, si mimi, akaniwekea ndoo miguuni, akaigonga kwa kiganja, "Imekaa!" na mbio kwenye mashine yake.

Nilibaki na ndoo isiyojaa.

Alifunga mlango siku nzima, akaufungua kesho yake mchana, akaniita. Akanikalisha kwenye kiti cha Mzee Shekiondo. Nikamwambia mimi mikono yangu ina vitunguu. Akasema vitunguu haviingii kwenye kioo. Mzee Shekiondo akasimama nyuma yangu kama shahidi wa nikaha.

Shoga, ngoja nikuonyeshe.

Nikashika kiboksi cha Handeni. Kikainuka! Kikajibandika kwenye kimshale, chepesi, unaona mpaka ng'ambo yake, na pale kilipotoka pakabaki alama, kama mahali alipolala mtoto kwenye godoro. Papo hapo basi la Handeni likawaka ukingo wa njano, na juu yake pakaandikwa *Lete*. Mabasi mengine yote yakafifia, yakawa kama watu waliogeuza uso. Kipanya kikaniteleza, nikaenda kugonga la Lushoto kwa bahati mbaya. Likanikatalia, kikatokea kiganja kilichonyooka, ngoja. Nikaliambia, "Samahani." Ofisi nzima wakaangua kicheko, nami sikuona aibu, maana lilinikataza kwa heshima. Nikaburuta mpaka Handeni. Nilipofika juu yake ukingo ukanenepa, ukawa kijani, na maneno yakabadilika: *Nimeshika*.

Nikabaki hapo. Zaina akasema taratibu, "Achia, mamdogo. Limesema."

Nikaachia. Basi likabonyea kidogo kwenye magurudumu yake, kama basi la kweli linapopokea gunia, likainuka, likaandika *Imekaa*.

Nililia hapo kwenye kiti cha watu. Mzee Shekiondo akadhani nimeharibu mashine.

Yeye mwenyewe alipokalia kiti hakuuliza tena kama umefika. Alikuwa anasoma kwa sauti, kila mzigo, "Lete... nimeshika... imekaa," kama anawasomesha watoto wa chuoni. Ilipofika wiki ya Idi, ofisi ilijaa mpaka mlangoni, mabegi, magodoro, jogoo anawika ndani ya tenga, watu wanasukumana. Tajiri akaja akasimama nyuma ya Zaina, mikono mgongoni. Mimi nilikuwa nimeunguza maharage, sijali, nachungulia dirishani na mwiko mkononi.

Akatazama kitambo. Kisha akamwinua Mzee Shekiondo, akakaa yeye. Akachukua kiboksi cha Korogwe kwenda Tanga, akakipeleka makusudi barabarani, pasipo na basi lolote, akakiachia. Moyo wangu ukaachia pamoja nacho. Kile kiboksi kikageuka, kikarudi mbio mpaka mahali pake, unakiona kinavyorudi, kikakaa kwenye ile alama yake. Tajiri akajaribu tena, safari hii kwenye basi lililokwishajaa. Likamwonyesha kiganja. Akaguna. Akacheka. Akasema, "Kumbe kina adabu. Nani kakifundisha?"

Zaina akasema, "Mama yangu."

Tajiri akauliza kama mama yake naye ni mtu wa kompyuta. Zaina akajibu, "Hapana, mzee. Alikuwa mtu wa maji."

Idi ikapita na hakuna mzigo uliopotea. Ila jogoo, alitoroka mwenyewe kwenye tenga, na huyo hata wewe usingemshika. Sasa tajiri anataka mashine kama hiyo iwekwe Tanga na Handeni pia. Zaina anabaki. Amepanga chumba Old Korogwe, dirisha linatazama upande wa mto, nimelikagua, lina nondo. Mlango una makomeo mawili, la pili nimenunua mimi. Amesema nimezidi. Nimemwambia anishitaki.

Na vile vitenge vilirudi kutoka Lushoto baada ya harusi, vimekunjwa vizuri, na juu yake wameweka mapeasi. Wanawake wa Handeni wameshona, wanavivaa kwenye kila shughuli. Jezi nazo zilirudishwa, ila namba tisa. Mwanahawa anasema imepotea. Mume wake anasema analala nayo.

Sasa kuna neno moja, ndilo hasa lililonikalisha kuandika.

Siku ile wodini ulinikamata kidole hiki cha shahada ukasema, "Mama Rehema. Zaina huyo." Basi, hayo tu. Nami nikasema, "Nimeshika." Wallahi nilisema. Lakini nesi alikuwa anapita na kitoroli chenye gurudumu bovu, na macho ulikuwa umekwisha kuyafumba, na kidole hukuniachia. Mpaka walipokuja kukuandaa kwa maziko, walinibandua wao. Tangu hapo sijui kama ulisikia. Nikiwa peke yangu nawaza, isije ikawa mwenzangu bado amesimama huko, shingo imekaza, anangoja mtu aseme. Ndiyo maana nilikuwa nasimama mlangoni kuangalia kama mtoto anatafuna. Nilikuwa kama Mzee Shekiondo, nashika, naachia, nashika tena, sina wa kunihakikishia.

Juzi nilikwenda kaburini kupalilia. Zaina alikuja nami, amebeba kidumu cha kumwagilia yale maua. Alikuwa na njaa, mwenzangu, akala mihogo yangu yote pale pale chini ya kofia yake ya jua, anacheka na mdomo umejaa, ananieleza habari za Tanga, za mashine, za kijana mmoja wa huko ambaye anadai ni fundi tu wa nyaya. Nitamchunguza huyo wa nyaya, usiwe na shaka. Nikamtazama mwanao alivyokaa, miguu kainyoosha, hana haraka. Nikajua.

Mungu akulaze pema, shoga yangu. Mahali penye maji karibu. Ahadi yangu ni hiyo moja, siku zote nilizobakiza: sahani yake ya mchana ipo, mlango wangu upo, na akiolewa nitalia kwa ajili yetu sote wawili, hata kama watavaa jezi.

Kwa hiyo nasimama mbele yako, nimefuta mikono, unaiona. Nakuandikia kwa herufi zangu zilizolala, kubwa kubwa, ili hata nesi akipita na kitoroli chake zisikike.

Nimeshika, Mama Zaina.

Imekaa. Nyoosha shingo.

Ni mimi mwenzako,
Mama Rehema